TUTEMBEE PAMOJA: Muchanga kwa ajili ya yule anayekuja nyuma

 

Kila mwezi katika ukurasa huu tunatembea pamoja, ninyi mukiwa mumeketi nyumbani. Leo safari ni ya mbali. Kamata koti yako nzito, na kama hauna, azima ya jirani. Tunaenda pahali ambapo baridi yetu ya mwezi wa sita, ile inayotufanya tuote moto wa makala asubui, wenyeji wangeiita siku ya joto. Tunaenda Sapporo, muji mukubwa wa kisiwa cha Hokkaido, kaskazini ya Japani.

Pengine utauliza: "Sisi na Sapporo tuna habari gani?" Waulize wazee wa Musoshi na Kasumbalesa. Wajapani walikuja kwetu zamani, na mugodi wa Musoshi ukaanza kutoa shaba mwaka wa 1972. Mwaka ule ule Sapporo ilipokea Michezo ya Olimpiki ya baridi, na dunia yote ikasikia jina lake. Jina lenyewe halikutoka kwa Wajapani. Lilitoka katika lugha ya Waainu, wenyeji wa kisiwa kile tangu zamani. Leo karibu watu milioni 2 wanakaa Sapporo.

Nilifika kule mwezi wa pili wa mwaka 2025, kwa siku chache tu. Siku moja ilikuwa ya mapumziko, na tukatembea watu wane. Ni siku ile ninataka kukusimulia.

Watu wane na sanduku moja

Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni kijana mumoja wa Kolwezi anayejifunza kazi ya migodi katika Universite ya Hokkaido. Hapa nitamuita tu Mudogo, kama nilivyomuita kule. Wa tatu ni dada mumoja wa Kitwe, Zambia, naye mwanafunzi. Yeye na Mudogo wanaongea Kibemba siku nzima, na kwa wao ni kama kukutana na ndugu wa tumbo moja. Wa ine ni mama Mujapani, miaka yake inapita 70, anayefundisha wageni lugha yake bila malipo. Sisi wote tulimuita Mama, na yeye alifurahia jina hilo.

Tulitoka saa mbili ya asubui. Baridi ilikuwa digri 7 chini ya sufuri. Neno la kwanza nililojifunza ni hili: usivae nguo moja nzito, vaa nyingi nyepesi, moja juu ya ingine, kama maganda ya kitunguu. Ya pili: theluji, ile wengine wetu wanaita neje, haifanye kelele. Mvua yetu inapiga mabati na unaisikia. Theluji inashuka kama unga wa muhogo kutoka katika kichungio, polepole, na asubui unakuta mutuka wa jirani hauonekane tena. Ukipima yote inayoanguka Sapporo kwa mwaka, inafika karibu metre 5. Kando ya balabala inakusanywa mpaka unatembea kati ya kuta nyeupe zinazopita kichwa chako.

Sasa sikiliza vizuri. Theluji mupya haina hatari kubwa. Hatari iko pale watu na mituka wamekwisha kuikanyaga. Inakuwa ngumu na yenye kungaa kama sahani. Na pale hasa, kwenye makutano ya balabala, nikaona sanduku. Ndani mulikuwa mifuko midogo ya muchanga, mingi.

Nikacheka. Nikasema: "Inchi ya treni za mbio kama hii inatia muchanga katika sanduku, kama dawa?"

Mudogo akajibu: "Yaya, usicheke. Kamata mufuko moja. Unapasua, unamwanga mbele yako, unapita. Ni ya watu wote, hakuna kulipa."

Mama alikamata mufuko wake. Alimwanga muchanga pole pole, kama anayepanda mbegu za mboga, hata pahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kupita. Halafu akarudisha mufuko mutupu ndani ya sanduku. Nilimuuliza kwa nini anamwanga nyuma yake. Mudogo akatafsiri jibu: "Mimi nimepita. Lakini kuko mwenye anakuja."

Mimi sikukamata mufuko. Nilikuwa na viatu vipya, nilivyonunua kwa bei kali, na niliona aibu kutembea kama muzee. Unajua kiburi cha viatu vipya. Kwenye makutano ya tatu, miguu yangu ilienda Kolwezi na kichwa changu kikaenda Kasumbalesa. Nilianguka chali katikati ya balabala. Hakuna mutu aliyecheka. Mutoto mumoja wa masomo, pengine wa miaka 10, alikuja mbio na mufuko wa muchanga, akamwanga kuzunguka miguu yangu, akainama kidogo kwa heshima, akaenda zake. Dada wa Kitwe akaniinua, akaniambia: "Baba, huku tunatembeaka kama bata. Hatua fupi, mwili mbele kidogo, mikono nje ya mifuko."

Kutoka saa ile nilitembea kama bata. Na katika kila makutano nilikamata muchanga.

Mulima wa theluji uliogeuka feti

Tulipita kwanza kwenye Mnara wa Saa, nyumba nyeupe ya mbao iliyojengwa mwaka wa 1878. Wageni wengi wanahuzunika wanapoiona, kwa sababu ni ndogo na magorofa yameizunguka. Lakini simama kidogo. Saa iliwekwa mwaka wa 1881, ikitoka Marekani, na mpaka leo inaendeshwa na mawe mazito yanayopandishwa kwa mikono ya watu. Kengele yake ingali inalia. Inchi inayotengeneza saa za umeme za dunia yote ingali inatuma mutu kupanda kuzungusha ile ya zamani.

Halafu tukafika Odori. Ni bustani ndefu katikati ya muji, yenye urefu wa kilometre moja na nusu. Kwenye mwisho wa mashariki kuko mnara wa televizioni wa metre 147. Mutu wa Lubumbashi akiuona anafikiri mara moja juu ya shimine yetu kubwa, kwa sababu urefu unakaribiana.

Tulikuta ni siku za Sikukuu ya Theluji. Sijui namna ya kukueleza. Ulikwisha kuona nyumba ya gorofa tano? Sasa waza gorofa kama hiyo iliyochongwa yote kwa theluji: milango, madirisha, nyuso za watu, mikia ya farasi. Kwanza wanasimamisha kuta za mbao, wanajaza theluji na kuikanyaga mpaka inakuwa ngumu kama jiwe, wanaondoa mbao, halafu wanachonga kwa shoka na vijembe. Theluji safi inaletwa na malori kutoka nje ya muji. Askari wanasaidia kujenga zile kubwa, kazi waliyoanza mwaka wa 1955. Watoto wanateleza juu ya vilima vidogo wakipiga kelele, na wababu wanasimama wanakunywa maziwa ya moto.

Lakini mwanzo wake ndio ulinigusa. Mama alitufasiria mbele ya sanamu moja. Wakati vita ya 1945 ilikuwa imepita miaka michache tu, watu walikuwa na njaa, na Odori ilikuwa pahali pa kutupa theluji ya balabala. Ilikuwa jalala. Mwaka wa 1950 wanafunzi wa masomo ya sekondari walikuja pale na kutengeneza sanamu 6 kwa ile theluji iliyotupwa. Hakuna aliyewalipa. Watu wa muji wakaja kuangalia, wakafurahi, na mwaka uliofuata wakafanya tena. Leo watu wanatoka inchi nyingi kuangalia kitu kilichozaliwa juu ya takataka.

Dada wa Kitwe akaniangalia, nikajua tunafikiri jambo moja. Sisi pia tuko na vilima vya takataka. Ule mulima mweusi wa Lubumbashi, mabaki ya tanuru ya shaba, wakubwa waliuona miaka mingi kama uchafu tu. Kisha ikajulikana kwamba ndani yake mungali cobalt, na mashini zikaja kuukata. Tofauti ni hii: kwa theluji ile, aliyeanza kuona kitu kizuri ni watoto wa masomo, na furaha ikabaki kwa wenyeji.

Na sanamu hizo zinakaa wapi kisha sikukuu? Hazikae. Siku inayofuata mashini kubwa zenye meno, ndugu za zile tunazoona katika karieri, zinakuja na kuzibomoa zote, ili zisiangukie watu. Kazi ya wiki nyingi inaisha kwa saa chache. Watu wanakuja hata kuangalia ile kubomoa. Mudogo akasema: "Ya kwanza nilihuzunika sana. Sasa ninajua mwaka ujao watajenga tena."

Akasimama mbele ya sanamu kubwa kuliko zote, akaniambia nimupige foto. Alitabasamu vizuri. Mukono wa kuume aliuweka mbele. Ule wa kushoto aliuficha nyuma ya mugongo. Sikuuliza kitu wakati ule.

Bakuli ya moto na habari ya Yubari

Saa sita tukaingia katika nyumba ndogo ya chakula. Vioo vilijaa mvuke, na joto likatupiga uso. Tulikula ramen ya miso: tambi ndefu ndani ya supu nzito ya maharagwe yaliyochachushwa, na kitunguu saumu, na nyama ya nguruwe juu. Chakula hiki kilizaliwa Sapporo miaka ya 1950. Usione haya kufanya kelele ukivuta tambi. Huku ni adabu, ni kusema chakula ni kitamu. Niliwaza tu bukari na kapenta, lakini supu ile ilirudisha vidole vyangu.

Nikamuuliza Mama kama alizaliwa hapa mujini. Aliweka vijiti chini.

"Mimi ni mutoto wa mugodi," akasema. "Nilizaliwa Yubari."

Yubari iko karibu kilometre 60 mashariki ya Sapporo. Ilikuwa muji wa makala ya mawe. Mwaka wa 1960 ilikuwa na watu karibu 117,000, na masomo, na lopitali, na masinema, na nyumba za wafanyakazi mistari kwa mistari mulimani. Wewe unayekaa katika kité ya wafanyakazi, unaiona picha hiyo bila mimi kuichora. Halafu petroli na makala ya inchi zingine ikawa bei rahisi, na migodi ikaanza kufungwa mumoja mumoja.

Tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka wa 1981, gazi ilipasuka ndani ya mugodi mumoja wa Yubari. Watu 93 walikufa, pamoja na wengine walioshuka kuwaokoa wenzao. Moto ulikataa kuzimika chini. Wiki moja kisha, wakati wanaume 59 walikuwa hawajapatikana, maji ya muto yakamwangwa ndani ya mugodi. Waza wake zao wakisimama juu, wakisikia saa ya kumwanga maji ikifika.

Mugodi wa mwisho wa Yubari ulifungwa mwaka wa 1990. Wakubwa wa muji wakajaribu kuleta watalii, wakajenga pahali pa michezo kwa deni kubwa, na mwaka wa 2007 muji wenyewe ukahesabiwa kuwa umefilisika. Masomo yakaunganishwa, lopitali ikapunguzwa. Leo watu hawafike hata 7,000, na wengi ni wazee. Lakini kuko kitu kimoja kilichobaki na kuwa na sifa: melon. Wakulima wa Yubari waliendelea kulima polepole wakati wengine wote walishuka chini ya udongo. Mwaka wa 2019, kwenye soko la Sapporo, melon mbili za kwanza za musimu ziliuzwa kwa yen milioni 5. Mwenye jembe alibaki wakati mwenye taa ya kichwa alihama. Wababa, tulifikiri neno hilo.

Mama akaendelea, na Mudogo alitafsiri sauti ikishuka.

"Baba yangu alitoka kijiji cha mbali. Kila mwezi alikuwa akiandikia mudogo wake barua. Aliandika: hapa tunapata mushahara, tuko na umeme, tuko na sinema. Aliweka na foto, amevaa suti ya kuazima. Hakuandika juu ya vumbi. Hakuandika kwamba usiku anakohoa mpaka mama yangu anamuketisha. Alikuwa na haya, na hakutaka kuhuzunisha wazazi. Basi mudogo wake akauza shamba, akakuja. Akashuka mugodini. Mapafu yake yakakufa mbele ya yale ya baba yangu."

Alinyamaza kidogo.

"Baba alisema mbele ya kufa: nilipita, lakini sikumwanga muchanga."

Hakuna aliyekula tena kwa muda. Ndipo niliona Mudogo ameinamisha kichwa juu ya bakuli yake.

Habari ya mukono wa kushoto

Alivuta mukono wake wa kushoto, akapandisha koti. Kiungo cha mukono kilikuwa kimevimba, na ngozi ilikuwa na alama ya plasta iliyotolewa si zamani.

"Yaya, nilianguka mwezi wa kumi na mbili," akasema. "Mufupa ulivunjika. Nilikaa wiki sita bila kuweza kufunga hata kiatu. Nyumbani hawajue. Ninawatumia tu foto za theluji."

Na hayo hayakuwa yote. Mudogo wake mwenyewe, kijana wa miaka 19, alikuwa ameziona foto hizo, akaacha kusoma kwa ajili ya Exetat. Komisionere mumoja alimuahidi kazi Japani kwa dola 1,500. Mama yao alikuwa tayari kuuza parseli moja. Walikuwa wakingojea tu kaka yao aseme ndiyo.

"Na wewe umewaambia nini?" Dada wa Kitwe akamuuliza.

"Sijasema kitu. Nikisema hapana, watafikiri ninataka kula mwenyewe. Watasema: wewe unasimama katika ile muji mweupe, na unafunga mulango."

Kijana musomaji, simama hapa kidogo. Ungekuwa yeye, ungefanya nini? Ni rahisi kumuhukumu. Lakini ni nani kati yetu aliyekwenda mbali, hata Lubumbashi tu, na hakutuma nyumbani ile foto nzuri peke yake?

Dada wa Kitwe hakumuhukumu. Alisimulia tu habari ya Kabwe, muji ambao wengi wenu munaujua kwa jina, kwenye njia ya kwenda Lusaka. Kule walichimba risasi, ile metali nzito, miaka karibu 90. Mugodi ukafungwa mwaka wa 1994, wafanyakazi wakaenda, lakini vumbi lenye sumu likabaki katika udongo ambapo watoto wanacheza. Wataalamu wa universite hii ya Hokkaido walienda kufanya kazi na Wazambia, wakapima damu ya watu, wakachunguza udongo na wanyama. "Unajua walichotupatia kwanza?" akasema. "Si pesa. Walituambia ukweli kwa hesabu: mutoto huyu ana kiasi hiki katika damu yake. Ilihuzunisha sana. Lakini mama anayejua ataosha mikono ya mutoto wake. Asiyejua atamuacha acheze."

Muzungu aliyesifiwa, na mwisho wake

Kisha chakula tulitembea mpaka kwenye uwanja wa universite, miti mirefu ikiwa imebeba theluji. Kuko sanamu ya kichwa cha Mumarekani William Clark. Alifika mwaka wa 1876 kuanzisha masomo ya kilimo, akakaa miezi 8 tu. Aliwafundisha wanafunzi wake Biblia pia, na kutoka kwao kukatokea Wakristo waliojulikana Japani yote. Neno lake la kuagana, la kuwapa vijana moyo wa kutamani makubwa, kila mutoto wa masomo analijua.

Wageni wanapiga foto, wanaenda. Lakini wachache wanajua mwisho wake, nao unatuhusu sisi watu wa migodi. Alipokwisha kurudi kwao, mwaka wa 1881 alifungua kampuni ya migodi pamoja na mwenzake. Marafiki na jirani walimwamini, wakaweka pesa zao. Mwaka wa 1882 kampuni ikaanguka, pesa ikapotea, na yeye akafa mwaka wa 1886, afya na jina vikiwa vimeharibika. Simuambii hayo kwa kumuchafua mutu aliyefanya mema. Ninasema tu: hata mutu mwema, akiita wengine wamufuate, aangalie kwanza pahali anapokanyaga.

Mudogo alisimama mbele ya sanamu ile muda murefu kuliko sisi.

Juu ya mulima, saa kumi na mbili

Jioni tukapanda tramu. Mama alituonyesha kando ya njia mashini ya kufagia reli: gari lenye mifagio ya vijiti vya bambu inayozunguka kama gurudumu, na kutupa theluji pembeni. Inatoka usiku sana, mbele ya tramu ya kwanza, ili wanaokwenda kazini wakute njia wazi. Kazi yake ni ile ile ya muchanga.

Tukapanda Mulima Moiwa kwa gari linaloning'inia juu ya kamba ya chuma. Mulima una metre 531. Juu, baridi ilikata masikio, lakini chini yetu muji mzima uliwaka, taa elfu na elfu, na theluji ikirudisha mwangaza kwa mawingu. Sijaona kitu kizuri kama kile. Wapendanao walipiga kengele iliyo kule juu. Sisi watu wane tulisimama tukishikamana kama makuku.

Ilikuwa saa kumi na mbili ya jioni, kwa hiyo Kolwezi ilikuwa saa tano ya asubui. Mudogo akatoa telefone. Akaita.

Uso wa mama yake ukatokea, nyuma yake muembe na nguo zilizoanikwa. Kwanza akamuonyesha taa za muji, na mama akapiga vigelegele. Halafu akavua kifuniko cha mukono wa kushoto, akauweka mbele ya telefone.

"Mama, mi nilianguka. Mwezi wa kumi na mbili. Nilivunjika. Sikukuambia."

Kule Kolwezi hakuna aliyesema kitu. Tulisikia kuku tu. Halafu mama akauliza:

"Na ulikuwa unafua namna gani?"

Ninyi wamama munaelewa swali hilo. Kijana wa miaka 26 alilia mbele ya Wajapani.

Akasema yote. Kwamba burse inalipa masomo na chumba, na kinachobaki kinamezwa na mafuta ya kupasha moto. Kwamba mwanafunzi hana ruhusa ya kufanya kazi zaidi ya saa 28 kwa wiki. Kwamba serikali ya Japani inatoa burse, nayo inaombwa kwa ubalozi wao Kinshasa, bila komisionere na bila kuuza parseli. Kwamba theluji ni nzuri kweli, na kwamba inavunja mifupa. Mudogo wake akakamata telefone, akasikiliza kidogo, akakasirika, akakata.

Tulishuka bila kusema mengi. Foto ya sanamu kubwa haikutumwa siku ile.

Siku tatu nyuma, telefone ya Mudogo ikalia. Ilikuwa habari fupi kutoka Kolwezi: "Yaya, huo muchanga kule wanauzishaka bei gani?" Akajibu: "Ni bure. Soma Exetat yako." Parseli ingali ya mama, na ana mahindi juu yake.

Wasomaji wapendwa, nimerudi nyumbani, na hapa hatuna theluji. Lakini utelezi uko. Uko katika karieri ambapo shimo lililia jana na leo mutu anashuka. Uko katika muji mukubwa, katika ndoa, katika deni. Wewe uliyepita pale na ukaanguka, unajua pahali. Usione haya. Yuko anayekuja nyuma yako.

Ya kuzungumuza nyumbani

1. Wazazi, ni jambo gani la ujana wenu hamujawaambia watoto, ambalo lingewasaidia wasianguke?
2. Vijana, foto gani ulituma au uliona ambayo haikusema ukweli wote?
3. Kama mugodi wa kwetu ungefungwa kesho, ni "melon" gani tungebaki nayo? Nani katika jamaa anailima tangu sasa?

Mubaki na amani. Mwezi ujao tutembee tena.